Fundi wa mablanketi ya viraka hapa Moshi: nimekaa na kazi yake miezi mitano ndio naandika

Sikutaka kuandika siku ile nimelichukua, kwa sababu blanketi la mtoto siku ya kwanza lolote ni zuri hata lile baya. Ubora wake unauona likishakojolewa, likatapikiwa maziwa, likafuliwa kwenye beseni na mtu mwenye haraka, likaanikwa, likakaliwa na watoto wengine wa nyumba alafu likarudi tena kwenye maji. Hili limeshafuliwa sio chini ya mara ishirini toka mwezi wa sita, kwa hiyo sasa nina cha kusema, na nitasema kwa urefu kwa sababu ndugu na majirani wameniuliza sana na nimechoka kumwelezea kila mtu peke yake.

Ngoja nianze na kwetu kidogo. Nyumbani kwetu Kibosho mtoto akizaliwa lazima apate blanketi la viraka. Alianzisha bibi, mama yake baba. Anasimuliaga kwamba miaka ile ya mwanzo wa 1980, baada ya vita ya Kagera, nguo zilikuwa hazipatikani kabisa, unapanga foleni dukani toka alfajiri ukifika mlangoni unaambiwa khanga zimeisha rudi wiki ijayo, kwa hiyo khanga ikichakaa huitupi, unakata ile sehemu ambayo bado nzima unaiweka. Baba yetu mdogo wa mwisho alizaliwa kipindi hicho, na huku juu baridi ya mwezi wa sita na wa saba wanaoishi huku wanaijua, ukungu unashuka toka msituni unakaa kwenye migomba mpaka saa nne asubuhi. Bibi akachukua vile vipande akaviunga kwa cherehani yake ya mkono, Singer, katikati akaweka blanketi kuukuu lililokwisha manyoya, juu akapitisha mishono ya sindano liwe kitu kimoja. Kuanzia hapo ikawa kila mtoto, akaja kila mjukuu. Mimi langu ninalo mpaka leo, rangi zimekwisha ila mshono haujaachia.

Sasa hivi bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, kutunga uzi kwenye sindano hawezi. Mama anajua kurudishia kifungo basi, na mimi sijajifunza, hiyo inaniuma lakini ndio hali ilivyo. Kwa hiyo toka bibi aache inabidi tutafute fundi.

Mara ya kwanza tulitafuta 2021, dada yangu alipojifungua. Nilimpa fundi mmoja mjini, kijana tu, anashona suruali na sare za shule vizuri sana sina shida naye kwa hizo, ila blanketi la viraka hakulijua na mimi sikujua kwamba halijui. Alichofanya alichukua vitenge vipya hivyo hivyo kama vilivyotoka dukani, hakuloweka, akaunga na shuka jeupe, katikati akatandika sponji alafu akapiga mshono pembeni tu kuzunguka kama anashona foronya. Kulitazama lilikuwa zuri kweli, tukapiga na picha. Kufua mara ya kwanza kitenge chekundu kikaachia rangi shuka jeupe likawa la pinki lenye mabaka, vipande vingine vikajikunja vingine vikabaki vilevile kwa hiyo likavutana kama uso wa mtu anayelia. Kufua mara ya pili sponji yote ikakimbilia kona moja ikajikusanya kama mpira wa makaratasi. Dada hakusema neno lakini sikuliona tena. Kilichoniuma sio hela, kulikuwa na kipande cha gauni la bibi mle ndani.

Ndio maana mwaka huu kaka yangu aliposema mkewe anatarajia mwezi wa sita nilianza kuuliza mapema. Mama mmoja wa jumuiya yetu akaniambia yupo mama anakaa kwenye mabaraza ya mafundi kule upande wa Soko Kuu, anashona nguo za kawaida kama wenzake lakini mablanketi ya watoto ndio kazi anayoipenda, ukifika wewe uliza tu mama wa mablanketi. Nikaenda mwanzoni mwa Mei na mfuko wangu wa nguo. Jina lake na namba yake siweki hapa kwa sababu nilimuuliza akasema hapana, anachukua mablanketi matatu kwa mwezi, yakizidi hapo anaharibu, na akiwekwa mtandaoni watu watampigia toka Dar.

Sasa hapa ndio nilianza kumpenda. Nilidhani ataniuliza rangi gani na saizi gani. Nimemwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu kiti, akamwaga mfuko wangu wote mezani akaanza kushika nguo moja moja, na kila akishika anauliza, hii ni ya nani.

Nilikuwa na khanga ya bibi ya zamani imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, bibi mwenyewe ndiye aliyeitoa. Nilikuwa na kitenge cha mama yake wifi, wao ni Wapare wa Same, alikituma kwa basi kwa sababu tulitaka mtoto awe na nguo ya upande wa pili pia. Kulikuwa na gauni la mama, lile la kitambaa kinachong'aa alilovaa harusi ya kaka. Na kulikuwa na shati la baba la drafti, bluu na nyeupe. Baba alishafariki, na kwa kuwa huyu angekuwa mtoto wa kwanza wa kaka, akiwa wa kiume lazima angechukua jina la babu yake kama desturi ya Wachagga ilivyo, kwa hiyo mimi moyoni nilitaka shati liwemo.

Fundi alipofika kwenye shati akanyamaza. Akauliza, mwenyewe yuko hai? Nikasema hapana mama. Akauliza, mama yako anajua kwamba unakuja kulikata? Nikasema anajua, yeye ndiye kanipa kwenye sanduku. Akasema mpigie. Nikampigia mama pale pale, fundi akachukua simu wakasalimiana, alafu akamwambia, mama mimi ni fundi, nimeshika shati la mzee, nikipitisha mkasi haliwi shati tena, unaridhia? Mama akakaa kimya kidogo akasema naridhia, ila nibakizie mfuko wa mbele. Kumbe mama alitaka mfuko wa kifuani, ule baba alikuwaga anaweka kalamu, na mimi nisingejua kwa sababu sikumuuliza. Fundi akautoa mfuko vizuri akautia kwenye karatasi akanipa nimpelekee. Jamani mimi nilitoka machozi pale barazani na watu wanapita.

Gauni la mama alilikataa. Alichoma kiuzi kimoja kwa kiberiti mbele yangu, kikajikunja kikawa kishanga kigumu cheusi, akasema unaona hii ni polista, pamba ingeungua ikawa majivu kama karatasi. Polista haivuti jasho na mtoto akilalia itamchoma joto, na pia pasi ya moto ninayotumia kulaza mishono ya pamba itaiyeyusha. Nilinyong'onyea kidogo kwa sababu mama angekosa kipande. Akasema niachie. Utaona baadaye alifanyia nini.

Swali lake lingine ambalo hakuna fundi amewahi kuniuliza, mtoto atakaa mjini au migombani? Nikamwambia wifi akijifungua anakuja Kibosho kwa mama miezi mitatu ya uzazi, anywe mtori apumzike, alafu mwezi wa tisa anarudi kwake Pasua, mjini. Akasema basi nikiweka nene itamfaa Julai, ikifika Januari huko Pasua wataitupa kabatini, na nikiweka nyembamba sana mtasema fundi ametunyima. Akachagua ile sponji nyembamba laini inayouzwa kwa mita, ile wanayowekaga kwenye majaketi, unene wake kama kidole kidogo cha mtoto ukiikandamiza inakwisha. Akaniambia kwa watoto wa mjini moja kwa moja anaweka shuka zito la pamba katikati badala ya sponji, inatosha. Nikamuuliza sufi je, kwa sababu bibi alikuwa anasema sufi ndio yenyewe. Akasema sufi iweke kwenye mto usiofuliwa, ikiingia maji inafanya mabonge na kukauka kwake ni kazi.

Vipimo nitawapa wanaotaka kujua. Vipande 36, sita kwa sita. Kila kipande anakata inchi 6 na nusu, robo inchi inaliwa na mshono kila upande kwa hiyo kikishaungwa kinabaki inchi 6 kamili, ndio unapata inchi 36 kwa 36, alafu anazungushia mpaka wa inchi 2 kila upande inakuwa inchi 40, mita moja na kidogo. Anasema ile robo inchi ndio siri yote, ukikosea hata kwa unene wa uzi kila kipande, ukifika cha sita pembe hazikutani. Na ni kweli nimelichunguza hili la kwetu, pembe zimekutana zote kasoro sehemu mbili, na hizo mpaka uoneshwe.

Kabla ya kukata aliloweka kila kitu kwenye maji ya baridi, kila kitambaa beseni lake. Kitenge cha Same ndicho kilisumbua, kiliachia rangi siku mbili, anabadilisha maji mpaka yakatoka meupe, alafu akakisugua na kitambaa cheupe chenye unyevu kuhakikisha. Khanga ya bibi na shati la baba hazikuachia chochote, hizo zilishafuliwa miaka na miaka. Anapenda nguo kuukuu kwa sababu hiyo, imeshasinyaa, imeshatoa rangi, imekuwa laini, haina tena cha kukushangaza.

Kuunga anaunga kwa cherehani. Ile kazi ya kushikisha matabaka matatu ndio anafanya kwa mkono. Kwanza anatandika chini kitambaa cha nyuma, sponji, juu viraka, anapiga bandi ya uzi mweupe kote visitembee, ndio anaanza mishono midogo midogo kutoka katikati kwenda nje, mstari mpaka mstari nafasi ya vidole vinne. Hiyo nafasi ndiyo inayozuia sponji isikimbie kama ile ya 2021. Mishono ya mkono ilimchukua jioni tisa, aliziandika kwenye daftari lake nikaona.

Nigusie hili kwa sababu kuna mtu alinicheka, akaniambia mablanketi ya viraka ni mambo ya Wazungu mnaiga tu. Hapana. Bibi yangu hakuiga mtu. Na ukisoma utakuta Wasidi wa Karnataka kule India, ambao asili yao ni huku Afrika, mababu zao wengi walivushwa bahari wakiwa watumwa enzi za Wareno wa Goa, wao mpaka leo wanashona mablanketi ya viraka vya nguo kuukuu, wanayaita kawandi, wanaanzia pembeni wanazunguka mpaka katikati. Kwenye pembe wanaweka vipembetatu vya kitambaa kilichokunjwa, wanaviita maua, bila hivyo blanketi wanaliona kama liko uchi. Na kule Alabama Marekani kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, wanawake weusi, wajukuu wa watumwa, walishona mablanketi yao kwa nguo za shamba zilizochakaa magotini, yakaja kuwekwa makumbusho na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayatolea stempu. Mtu yeyote mwenye mtoto, baridi na nguo chache atafika hapo hapo alipofika bibi. Nilimweleza fundi habari ya yale maua ya Wasidi, akasikiliza sana, akauliza wanakunja vipi.

Bei. Kwa sababu nguo nilikuja nazo, ufundi ulikuwa 70,000, sponji na kitambaa cha nyuma na uzi 18,000, jumla 88,000. Nilitoa advansi 40,000 nyingine nikamalizia siku ya kuchukua. Najua kuna watu watasema ghali, maana vile viblanketi laini vyenye picha za dubu unapata kwa 25,000 na hata chini ya hapo. Nilinunua kimoja pia, siongei kwa kusikia. Siku ya kwanza ni laini kuliko hili, kufikia kufua mara ya nne kilishatoa vidonge vya manyoya mtoto anavitia mdomoni tukakiondoa. Na gawanya hiyo 70,000 kwa jioni tisa za sindano pamoja na siku za kuloweka, kukata na kuunga, uone analipwa shilingi ngapi. Mimi sikuomba apunguze.

Sasa lawama yangu, maana ipo. Aliniambia wiki tatu, ikawa wiki tano na siku kadhaa. Mtoto alizaliwa tarehe 2 Juni, wa kiume, mzima kabisa, blanketi lilitoka tarehe 11. Sababu zake zilikuwa za kweli, mvua za masika zilikaza nguo hazikauki na anakataa kukausha kwa pasi, ila hakunipigia simu hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa naenda barazani kila baada ya siku mbili, toka Kibosho nauli kwenda na kurudi, nakuta anasema bado mwanangu. Mtoto akatoka hospitali kafungwa khanga mpya ya dukani. Kwa mtoto haikumpunguzia kitu lakini mimi nilitaka alale kwenye hilo siku ya kwanza anaingia nyumbani, na hiyo siku hairudi. Nilimwambia hivyo hivyo kwa heshima, akaniomba msamaha, akasema mama ukinipa tena nipe toka mimba ina miezi minne. Kwa hiyo nawaambia na nyie, msiende mwezi wa mwisho.

Siku nalichukua alilitoa kwenye kimfuko kinachong'aa chenye kamba ya kukaza. Ndio gauni la mama lile. Ameshona mfuko wa kuhifadhia blanketi, kwa hiyo mama yumo na haimgusi mtoto ngozi. Hakunidai hela ya huo mfuko.

Nikalifungua. Shati la baba amelipanga katikati vipande vinne, mistari ya drafti inaendana kama vile havikukatwa, khanga ya bibi na kitenge cha Same vinapishana kuzunguka nje. Vitambaa vingine alivyojazia ni vya rangi tulivu. Kitu kimoja tu ningebadilisha kwa macho yangu, mpaka wa pembeni aliweka rangi ya kahawia ambayo naona inalipozesha, ningependa bluu ya shati. Nyuma ni kitambaa cha pamba cheupe kimtindo wa maziwa, na chini yake, mzima bila kukatwa, ule ukanda wa maneno ya khanga. Nilikuwa na hofu atayakata maneno katikati maana yalikuwa marefu kuliko kipande chochote, yeye akayaweka nyuma yakapata nafasi yao.

Nikapanda nalo Kibosho. Ndani kwa wifi kulikuwa na joto na harufu ya mtori, mama yuko jikoni, bibi amekaa kitandani kwa mzazi kamshika mtoto. Nikampa mtoto mtu mwingine nikamwekea bibi blanketi mapajani. Bibi haoni, kwa hiyo alilisoma kwa vidole. Alianza pembe akafuata mshono wa mpaka kuzunguka wote, akageuza nyuma akafuata mistari ya sindano mmoja mmoja, hana haraka, chumba kizima kimenyamaza utadhani tunasubiri majibu ya mtihani. Akafika shati la baba. Hakuna aliyemwambia, lakini alilijua, akalipapasa muda mrefu, mwanawe huyo. Alafu akaendelea. Karibu na kona moja akasimama, akarudia, akasema, hapa alikuwa amechoka. Nikaangalia kwa macho yangu mazima sikuona kitu, nikachukua tochi ya simu, kweli, mstari mmoja mishono imekuwa mirefu kidogo, kwenye kipande cha urefu wa kiganja hivi. Akauliza, maneno ameyaweka? Nikamshika kidole nikakipitisha pale kwenye ukanda, japo maandishi hayapapasiki. Akasema, mfungeni nalo mgeni.

Sasa kuhusu matumizi, hapa wenye watoto wachanga mnisikilize. Nesi wa kliniki alituambia mtoto alale chali na kusiwe na kitu kinachoweza kumfunika uso, na hata chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinashauri mablanketi na mito visiwepo pale mtoto anapolala mwaka wote wa kwanza, kwa sababu mchanga akijifunika pua hana nguvu ya kujifunua. Kwa hiyo hatumwachii kitandani akiwa amelala peke yake. Tunamfunga nalo akiwa amepakatwa, asubuhi ya baridi akipelekwa kliniki, na sasa ana miezi mitano tunamtandikia juu ya mkeka analala kifudifudi anainua kichwa akiwa macho na mtu yupo pembeni. Fundi mwenyewe hawekagi vifungo wala shanga wala riboni kwenye mablanketi ya watoto hata ukimwomba, kuna mama alitaka amuwekee maua ya kushonea akamwambia akifika miaka mitatu uyalete.

Kufua tunafua kwa mkono, maji ya baridi, sabuni ya unga kidogo. Usilisokote, likamue kwa kulikandamiza, lilaze juu ya kamba mbili ili uzito usivute upande mmoja, na kivulini kama unazipenda rangi. Linakauka siku moja kama kuna jua, Julai kule juu lilichukua siku mbili. Mpaka leo sponji haijatembea hata sehemu moja, kitenge cha Same hakijaachia rangi, mshono wa pindo ulilegea sehemu moja kona ya chini mwezi wa kumi kwa sababu binamu zake walikuwa wanalivuta wanafanya gari.

Nilimrudishia kwa ajili ya hilo pindo na nikamweleza habari ya bibi na kile kipande cha kiganja. Sikutaka kumkosoa, nilimweleza kwa sababu mimi mwenyewe nilishangaa. Akaweka mkono mdomoni. Akafungua daftari lake akanionesha, jioni ya saba umeme ulikatika, alimalizia mstari ule kwa mshumaa. Akauliza bibi yako anakaa wapi, ana miaka mingapi, alikuwa anatumia uzi gani. Alitaka kulifumua lile eneo alishone upya bure nikakubali, akalishona nikiwa nimekaa pale pale kama nusu saa, pindo nalo akarudishia, hakuchukua hela. Akasema siku akipata nafasi angependa kumwamkia huyo bibi.

Kwa hiyo kama unamtaka nenda asubuhi kabla ya saa tano, mchana pale barazani jua linaingia anafunga. Peleka nguo za pamba, zilizofuliwa, na uwe umeongea na wenye nguo kabla hujafika maana atakuuliza. Mweleze mtoto atakaa wapi. Chagua rangi ya mpaka mwenyewe usimwachie. Na chukua tarehe yake uiongezee wiki tatu.

Mdogo wangu wa mwisho naye ana mimba ya miezi minne, jana nimeshapeleka khanga. Jumamosi ijayo fundi anapanda Kibosho na mimi, bibi amesema atamwandalia uzi wake aliobakiza kwenye kopo.